Uso Wangu Kwenye Tangazo la Hashimu

Kijiji cha Busi,
Wilaya ya Kondoa,
Dodoma.

20 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Zaidi,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Nampula? Wifi yangu Zamda anaendeleaje na mgongo wake? Na wale wanangu wawili, bado wanasikia Kirangi au sasa ni Kireno mtindo mmoja? Tulipokuwa tunasikia redioni habari za vurugu za huko baada ya uchaguzi, chakula kilikuwa hakipiti kooni. Aliyetuletea salamu zako alisema duka lako la vipuri halikuguswa na nyote mko salama. Niliinua mikono nikamshukuru Mungu.

Sisi huku ni wazima. Shemeji yako Adamu goti linamsumbua akipanda mlima, lakini shambani anafika, na akifika halipi jembe nafasi ya kupumzika. Mvua zilichelewa zikatutia hofu, kisha Januari zikaja kwa fujo. Sasa mahindi yanafika kiunoni na uwele umesimama vizuri. Tuko kwenye palizi ya pili. Mungu akipenda, Ramadhani itatukuta na afya hii hii.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu tunapigiana. Ninalotaka kukueleza ni refu, na nikilisema kwa mdomo ama nitalia ama nitatukana. Kwa kalamu naweza kujizuia kidogo. Linamhusu Hashimu.

Zaidi, mwanao nilimpokea akiwa na miaka minne, mama yake alipofariki nawe ukaondoka kwenda kutafuta maisha. Nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe, darasa la kwanza, dawati la mbele. Alipomaliza chuo pale Dodoma akakosa ajira na kuanzisha ukurasa wake wa mtandaoni, "Shambani na Hashimu", nilijivuna mbele za watu mpaka nikawachosha. Na wala sikujivuna bure. Alikuwa anaeleza namna ya kuchimba makinga maji, lini kupanda, viwavijeshi wanavyoanza kuonekana kwenye jani. Huku Busi kila mwenye simu kubwa alikuwa anamfuatilia. Watu walimsikiliza kuliko bwana shamba, kwa sababu alichosema walikijaribu wakakiona ni kweli. Hapo ndipo panaponiuma zaidi. Aliijenga imani ya watu kwa kweli, halafu akaenda kuiuza.

Mwaka jana Sikukuu ya Idi alikuja nyumbani. Siku ya pili akaniambia, "Shangazi, nionyeshe stoo yako, nataka watu waone nafaka inavyotunzwa." Nikampeleka. Unajua mimi mahindi yangu siyatii dawa yoyote. Natumia ile mifuko yenye plastiki nzito ndani, unaifunga hewa isipite, mdudu anakufa mwenyewe. Nikafungua mfuko mmoja mbele ya simu yake, nikachota kwa viganja viwili nikasema, "Haya nimeyavuna mwaka jana mwezi wa saba. Tazameni, hata moja halijabunguliwa. Mimi njaa sina wasiwasi nayo." Nikacheka, kwa kuwa nilikuwa na furaha ya kuwa na mtoto nyumbani. Akala pilau, akanibusu mkono, akaondoka.

Mimi simu yangu ni kitochi, video haionyeshi. Mwezi wa sita, watu walipokuwa wanaanza kuvuna, nikawa nasimamishwa njiani. Jirani yangu Amina, yule mjane wa ng'ambo ya korongo anayelea wajukuu wanne, aliniambia, "Mwalimu, tumekuona kwenye simu. Na sisi mwaka huu tunanunua." Nikadhani anasema mifuko. Nikamjibu kwa sauti kubwa, mbele ya wanawake wote tuliokuwa nao kisimani, "Nunueni, mtanishukuru."

Maneno hayo nayasikia kila siku nikiamka. Hakuna aliyenilazimisha kuyasema.

Mwezi wa kumi Amina alikuja kwangu asubuhi amebeba ungo. Ndani yake palikuwa na vumbi la manjano na maganda ya mahindi yaliyotobolewa, mepesi kama makapi, na dumuzi wanatambaa. Hakuwa analia. Aliuweka ungo chini akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, wewe ulikuwa unatia pakiti ngapi kwa gunia?"

"Pakiti za nini?"

Akanitazama kama mtu anayedhani anafanyiwa mzaha. Akamwita binti yake alete simu, na hapo ndipo nilipojiona kwa mara ya kwanza. Mfuko wa plastiki haukuonekana. Hashimu alikuwa ameukata wote. Kilichobaki ni uso wangu, viganja vyangu vimejaa mahindi, na maneno yangu, "hata moja halijabunguliwa." Halafu ikatokea pakiti ya kijani ya dawa ya unga, imeandikwa Ngao ya Ghala, na sauti ya mtoto niliyemlea ikasema hivi, nimeikariri: "Shangazi yangu mwenyewe anatumia Ngao ya Ghala, na mimi naitumia nyumbani kwangu. Hakuna aliyenilipa kusema haya, nasema kwa kuwa nawapenda wakulima wenzangu."

Nilitoka nje nikatapika kweli, sikwambii kwa kupamba barua. Amina akaniletea maji. Mtu ambaye chakula chake cha mwaka kimegeuka vumbi kwa ajili ya uso wangu, yeye ndiye aliyenishikia kata ya maji.

Tulipopita nyumba kwa nyumba tukahesabu kaya ishirini na tatu zilizotia unga ule. Wapo walioambulia nusu gunia, na wapo waliokuta kila kitu kimekwisha. Baadhi walianza kupita kwangu bila salamu. Mzee mmoja alisema msikitini, Adamu akiwepo, kwamba nyumba yetu imelipwa. Adamu alirudi nyumbani, akakaa kitako ukumbini, hakuvua hata kofia.

Nilimpigia Hashimu. Nilitegemea atashtuka. Akasema, "Ah, shangazi, ile ni promo tu. Kila mwenye ukurasa anafanya hivyo. Nao labda hawakuchanganya vizuri." Nikamwambia Amina hana cha kupika. Akasema yuko kwenye kikao, atanipigia. Hakupiga.

Basi Desemba nikaenda Dodoma. Amina alinisindikiza. Nilibeba karatasi yenye majina na sahihi za watu, wengine wameweka dole gumba, na kopo la maziwa nililolijaza mahindi ya Amina. Tulielekezwa mpaka tukafika ofisi ya serikali inayoshughulikia mambo ya mtandaoni, tukapokewa na afisa mmoja kijana anaitwa Gaudence, mpole, mwenye miwani. Nikafungua kopo mezani. Dumuzi wakatambaa juu ya mafaili yake, akasukuma kiti nyuma.

Aliisikiliza habari yote, akaiangalia video mara mbili. Akatueleza kwamba kanuni zipo: anayelipwa kusifia bidhaa lazima aseme wazi kuwa amelipwa, na uso wa mtu hauwekwi kwenye tangazo bila ridhaa yake. Kisha akachukua fomu akaniuliza, "Mlalamikiwa ni nani kwako, mama?"

"Ni mwanangu."

Akaweka kalamu chini. Akasema kwa upole kwamba kama ni mambo ya familia, anaweza kuandika tumeyamaliza nyumbani.

"Nyumbani kwa nani?" nikamwuliza. "Kwa huyu?" Nikamwonyesha Amina. Akaiokota kalamu akaandika.

Usifikiri kwamba lilikuwa jepesi. Mkono wangu uliandika jina la Hashimu kwenye fomu ile kwa mwandiko uleule niliomfundishia kuliandika jina hilo. Nilisita. Nisingekuwa na Amina pembeni, labda ningeichana.

Tuliitwa tena katikati ya Januari. Hashimu alikuja amevaa suti, amenyoa vizuri. "Shikamoo shangazi." Nikaitikia marahaba, kwa kuwa salamu ni salamu. Pamoja naye alikuwepo bwana mmoja wa kampuni iliyouza unga ule, Geofrey, anayetabasamu kabla hujamwambia kitu. Basi wakaanza kutupiana. Geofrey akasema wao walimlipa kijana kwa kazi ya ubunifu tu, aliyoyasema ni maoni yake binafsi. Hashimu akasema alisoma alichoandikiwa. Mmoja anasema maneno ni ya yule, yule anasema maneno ni ya huyu. Maneno yaliyomaliza chakula cha kaya ishirini na tatu yakakosa mwenyewe ndani ya chumba kimoja.

Gaudence akamwuliza Hashimu, "Wewe uliwahi kuitumia dawa hii?"

"Hapana."

"Ulisema unaitumia nyumbani kwako. Nyumbani kwako una nafaka?"

"Sina. Nanunua sembe dukani."

Alijibu hivyo bila kuinamisha macho, kama mtu aliyeulizwa anapanda basi gani. Amina alicheka, kicheko kikavu, kifupi. Mimi niliona kinyaa, Zaidi. Sijawahi kumwonea kinyaa mtu niliyemwogesha.

Uamuzi ulitoka siku hiyo hiyo. Hashimu alitozwa faini. Aliamriwa aiondoe video, aombe radhi hadharani kwenye ukurasa wake na ile radhi ikae siku saba, kisha ukurasa ufungwe miezi mitatu. Baada ya hapo, kila anachosifia kwa malipo lazima akiandike juu kabisa kwamba ni tangazo la kulipiwa, kwa herufi zinazosomeka. Gaudence alieleza hata ukubwa wa herufi. Habari ya unga wenyewe ikapelekwa kwa wanaopima viuatilifu, nao walikuja Kondoa kuchukua sampuli. Walikuta duka lililokuwa likiuza limefungwa, pakiti tatu zimesahaulika dirishani. Geofrey simu yake haipatikani mpaka leo.

Amina aliuliza, "Na mahindi?" Gaudence akavua miwani. Akasema kulipa hasara si mamlaka ya ofisi yake, twende mahakamani. Simlaumu, aliongea kwa haya. Lakini nilitoka pale nimechukia. Ukubwa wa herufi wanaujua, gunia tupu halimo kwenye karatasi zao. Na Amina nauli ya kwenda mahakamani aitoe wapi, Januari, mwezi ambao hata walioweka akiba vizuri wanapima unga kwa kikombe?

Sisi wa kikundi cha wanawake tulikaa tukagawana kilichopo. Nilifungua mifuko yangu, nikabakiza ya kutufikisha mavuno mimi na Adamu, mingine ikaenda kwa walioharibikiwa zaidi. Adamu ndiye aliyeibeba mwenyewe na goti lake. Wengi sasa wanasalimia. Wawili watatu bado, nami nawaelewa.

Wiki mbili zilizopita Hashimu alikuja Busi kuomba radhi. Nilifurahi, ujue. Nilipika. Nikamwomba Amina tukutane kwake, na watu wakakusanyika uani kwake, wengi, hata yule mzee wa msikitini. Hashimu akasimika simu yake kwenye vyuma vyake vya miguu mitatu, akasimama katikati, akaongea. Aliongea vizuri mno. Alisema amekosa, alisema alipewa pesa akawasahau waliomlea, na alipofika kwenye neno "shangazi yangu" sauti ikakatika, machozi yakamtoka. Wanawake wakaanza kulia. Mimi nililia. Mzee wa msikitini akajifuta kwa kanzu.

Alipomaliza akaenda kwenye simu, akajitazama. Akageuka akasema, "Samahanini ndugu zangu, upepo umeingia kwenye sauti. Naomba turudie."

Na akarudia. Maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Alipofika kwenye "shangazi yangu", sauti ikakatika palepale, machozi yakatoka palepale.

Hakuna aliyelia mara ya pili. Amina aliinuka akaingia ndani kwake akafunga mlango. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, yeye bado anaongea na simu.

Nilirudi nyumbani nikakifunika chakula. Aliponifuata nikamwambia sina hamu ya kumwona, ajifunze kwanza kusimama mbele ya binadamu bila kile kioo, ndipo arudi. Nilimwambia ameniuza mara mbili, mara ya kwanza kwa kicheko changu, mara ya pili kwa machozi yangu. Akakasirika. Akasema, na haya ndiyo maneno yake, "Shangazi, mbona unanionea mimi peke yangu? Baba alijua. Nilimtumia video kabla sijaiweka. Mimi nilitaka kujionyesha mwenyewe tu, ni yeye aliyesema nikuweke wewe, kwa sababu Busi wanakuamini wewe kuliko mimi."

Alichukua begi lake akaondoka. Adamu alikuwa mlangoni, alisikia yote. Tangu siku hiyo hajakutaja jina.

Zaidi mdogo wangu, mimi na wewe tumelala mkeka mmoja. Nimelikataa neno hili siku kumi na nne. Najiambia kijana anayeweza kulia mara mbili kwa machozi yaleyale hashindwi kumsingizia baba yake. Halafu najiambia kwamba amekosa mengi, lakini siku ile hasira yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli. Najikuta sijui. Mtoto niliyemfundisha kusoma, sijui tena ni wakati gani anasema kweli. Uchafu huu ndio unaonichefua kuliko dumuzi wote wa mwezi wa kumi.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Ulijua kwamba amelipwa? Ulijua kwamba mahindi yale hayakutiwa dawa ile? Ni wewe uliyemwambia aweke uso wangu? Usinieleze kwamba vijana wa siku hizi ndivyo walivyo, wala kwamba ni njia yake ya kupata riziki. Hayo ameshaniambia yeye. Niandikie "nilijua" au "sikujua", uweke sahihi yako.

Kama hukujua, mwite mwanao umwambie kama baba. Kama ulijua, wewe ni mdogo wangu na utabaki kuwa mdogo wangu, lakini utakuja Busi kwa miguu yako mwenyewe, na nyumba ya kwanza utakayobisha hodi haitakuwa yangu.

Msalimie sana wifi Zamda, mwambie ajikande mgongo kwa maji ya moto na asibebe ndoo. Wabusu wanangu wote wawili. Shangazi yetu wa Kondoa mjini anakusalimu, macho yake yamefunguka kidogo baada ya operesheni, sasa anawatambua watu kwa mwendo. Penina, yule mwalimu mwenzangu wa zamani aliyehamia Kongwa, anakusalimu pia.

Amina naye anakusalimu. Aliponiona naandika aliniambia nikushukuru kwa ile khanga uliyomletea mwaka ule ulipokuja kwenye msiba wa mumewe, bado anayo. Alisema, "Mwambie Zaidi asiwe na unyonge kwa ajili ya mtoto, mzazi hana kosa." Nimeyaandika kama alivyoyasema. Lile neno la Hashimu sijamwambia. Nangoja jibu lako.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako huko ugenini, na aupe ulimi wako ujasiri.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,

Mwamvua